Billa ya Rajinikanth (1980): Watamili waliiga Don tu, au waliichukua ikawa yao?

#1 Mtoto wa Msasani (mleta uzi)

Salaam wakuu. Wiki hii nimeangalia Don ya 1978, ile ya Amitabh Bachchan, nikaunganisha na Billa ya 1980 ya Rajinikanth. Nina swali kwa wapenzi wa picha za Kihindi na za kusini.

Kwa ambao hawajaziona: Don ni jambazi anayesakwa kila kona. Anajeruhiwa akikimbizwa na polisi, anafia mikononi mwa DSP D'Silva, afisa wa polisi. DSP hatangazi kifo. Anamzika kimya kimya, anamtafuta Vijay, kijana anayeimba barabarani kupata riziki, ambaye sura yake na ya marehemu huwezi kuzitenganisha, anamfundisha na kumpenyeza kwenye genge kama Don aliyepoteza kumbukumbu. Vijay anakubali kwa sababu analea watoto wawili wasio wake na DSP ameahidi kuwasomesha. Kisha DSP anauawa. Hapo ndipo picha linaanza: polisi wanaamini ni Don, genge limegundua si Don, na mtu pekee wa kusema ukweli yuko kaburini.

Billa inapita njia hiyo hiyo. Don ameitwa Billa, Vijay ameitwa Rajappa, Roma wa Zeenat Aman amekuwa Radha wa Sripriya. Muongozaji ni R. Krishnamurthy, muziki wa M. S. Viswanathan, mashairi ya Kannadasan. Ilitoka 26 Januari 1980, Don haijamaliza hata miaka miwili.

Sasa: kama Don ilikuwepo na ilikuwa imetikisa India, Watamili walikuwa na haja gani ya kuirudia upesi hivyo? Mimi nasema sababu ni lugha. Tamil Nadu, jimbo la Watamili kusini mwa India, ilikuwa imeshapigana na serikali kuu kuhusu lugha ya Kihindi, mwaka 1965 watu walikufa mitaani, na 1967 chama cha DMK kikachukua jimbo. Huwezi kutegemea watu hao wajae sinema kusikiliza Kihindi. Nipingeni kwa hoja.

#2 Konda wa Gongo la Mboto

Naweka kambi hapa. Rajinikanth alikuwa konda wa basi Bangalore kabla ya kuingia kwenye sinema, kwa hiyo uzi huu ni wa makonda. Abiria wengine kaeni viti vya nyuma.

#3 Kipanga Mweusi

Mleta uzi, umesimulia vizuri, lakini hoja ya lugha haisimami. Aradhana na Yaadon Ki Baaraat, zote za Kihindi, zilikaa kwenye sinema za Madras (Chennai ya leo) muda mrefu ajabu, na vijana wa mji ule waliimba nyimbo zake mtaani. Na hiyo ni baada ya 1965. Mtu anaweza kupinga Kihindi kisilazimishwe shuleni na bado jioni akalipa tiketi ya Rajesh Khanna. Siasa ya lugha na starehe ya mtu vilikwenda pamoja bila kugombana.

#4 Coimbatore 2014

Nimesoma huko, jina langu linajieleza. Kipanga hapo #3 unaongelea Madras mjini. Toka nje ya Madras. Rafiki zangu wa hosteli walitoka Madurai, Tirunelveli na vijiji vya Salem, wengi wao Kihindi hawana kabisa. Si kwamba wanakikataa, hawana. Shule za serikali Tamil Nadu tangu 1968 zinafundisha lugha mbili, Kitamili na Kiingereza, basi. Sisi wageni kutoka Afrika tulipofika tumejifunza "kaise ho" kwa ajili ya sokoni, wao ndio walikuwa wanatushangaa.

Filamu ya Kihindi ilikuwa na watu wake Madras. Lakini fedha ya filamu ya mapigano inatoka miji midogo na vijijini, na huko bila Kitamili huuzi. Kwa hiyo mleta uzi ana nusu ya jibu.

#5 Kamusi Hai

Mnasahau mtu mmoja: K. Balaji, aliyeitoa Billa. Alikuwa mwigizaji aliyegeuka mtayarishaji, na kazi yake kubwa ilikuwa hii hii, kuangalia filamu ya Kihindi iliyopata watu, kununua haki, kuileta kwa Kitamili haraka. Johny Mera Naam ya 1970 aliifanya Raja mwaka 1972. Dushman ya 1971 akaifanya Neethi mwaka huo huo wa 1972. Zote mbili alimpa nyota wa Kitamili Sivaji Ganesan. Billa ilipobamba akaichukua Deewaar, ikatoka Thee mwaka 1981, Rajini huyo huyo na Krishnamurthy huyo huyo.

Kwa hiyo usitafute siasa kwenye daftari la mfanyabiashara. Hadithi imeshajaribiwa kwa watu wa kaskazini, unajua wapi watapiga makofi na wapi watalia, unachobadilisha ni sura na nyimbo. Na kwenye Billa, yule DSP anayekufa na siri ni Balaji mwenyewe.

#6 Mvita Halisi

Assalaam aleikum nyote. Hebu niwaambie jambo mnalolipita. Mwaka 1979 Rajini aliugua. Alikuwa afanya filamu nyingi kwa mpigo, hapati usingizi, akafika mahali akili ikachoka, akalazwa hospitalini. Watu wakasema huyu kwisha, hatorudi tena kwenye sinema. Magazeti yakasema hivyo hivyo.

Sasa huyo ndiye Balaji amempa Billa. Mwaona uzito wake? Mtu anayesemwa amekwisha yuwacheza sehemu mbili peke yake, jambazi baridi asiyecheka na masikini wa mtaani anayecheza ngoma. Filamu ikakaa sinema wiki 25. Kabla ya Billa, Rajini alikuwa mwigizaji mzuri mwenye mikogo ya sigara. Baada ya Billa akawa steringi wa mapigano wa kumtegemea. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya filamu hii kukumbukwa, na haihusiani na Amitabh wala Kihindi.

#7 Malkia wa Nyuzi

Mvita, hiyo inaeleza kwa nini ilipendwa. Mleta uzi ameuliza kwa nini ilitengenezwa. Maswali mawili hayo.

#8 Chapa Kazi

Mbona mnazunguka? Billa si ile ya Ajith Kumar, miwani myeusi na suti, imepigwa Malaysia? Ile waliiga Don ya Shah Rukh Khan. Shah Rukh 2006, Ajith 2007. Mahesabu yamekaa.

#9 Kamusi Hai

Chapa Kazi, tarehe zako ni sahihi, uhusiano sio. Billa ya 2007 ya Vishnuvardhan ni marudio ya Billa ya 1980. Ushahidi uko ndani ya hadithi. Don ya Farhan Akhtar ya 2006 ina mgeuko mwishoni: Don hakufa, alikuwa anacheza na polisi muda wote. Billa ya Ajith haina hilo. Billa anakufa kweli, Saravana Velu anakaa badala yake mpaka mwisho, kama Rajappa alivyokaa mwaka 1980. Halafu nyimbo: Yuvan Shankar Raja alichukua "My Name Is Billa" na wimbo wa tambuu wa Viswanathan akavipiga upya. Angekuwa anaiga Shah Rukh angechukua nyimbo za Shah Rukh.

Kinachofanana na ile ya 2006 ni Kuala Lumpur na mavazi.

#10 Chapa Kazi

Sawa, nimekuelewa. Ila bado nasema ya Ajith ni kali kuliko zote. Mtu anatembea tu na filamu inasonga. Rajini ananichosha kwa kelele.

#11 Konda wa Gongo la Mboto

Chapa Kazi shuka kituo kinachofuata.

#12 Ruwi Kwetu

Nawasoma kutoka Maskati. Ya 2007 niliiona hapa Ruwi, kwenye sinema inayoonyesha filamu za kusini mwa India, ambayo kila Ijumaa hujaa Wakerala na Watamili waliotoka kazini. Mimi na ndugu zangu wa asili ya Unguja tulikuwa wachache, Kitamili hatujui, tunasoma maandishi chini. Alipoonekana Ajith mara ya kwanza sikusikia neno hata moja la filamu kwa dakika kadhaa kwa ajili ya miluzi. Ulipoanza wimbo wa Murugan, uliopigwa Batu Caves pale Malaysia penye sanamu kubwa la dhahabu, watu wa makamo walisimama.

Nikamuuliza jirani yangu wa kiti, mtu mzima, kama aliiona ya Rajini. Akasema aliiona akiwa mtoto Tiruchirappalli na baba yake, na hii amekuja na mwanawe. Don hakuitaja hata mara moja. Kwake Billa haina mzazi wa Kihindi.

Chapa Kazi, nami naipenda ya Ajith, hauko peke yako.

#13 Mtoto wa Msasani

Ruwi Kwetu, asante. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta na sikuweza kuisema. Baada ya muda asili inasahaulika, kilichokuwa nakala kinakuwa chanzo, na chenyewe kinarudiwa. Prabhas naye alifanya Billa ya Kitelugu mwaka 2009, na jina alilochukua ni Billa, si Don.

#14 Mzee wa Avalon

Vijana, mnaongea vizuri lakini mmeruka jambo la nyumbani. Muongozaji wa Don ya 1978 anaitwa Chandra Barot. Huyu bwana alizaliwa huku kwetu, Tanganyika. Alikulia huku na kufanya kazi ya benki Dar es Salaam, Barclays, kabla ya kwenda India mwaka 1967. Dada yake ni Kamal Barot, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye wa umri wangu tunamkumbuka kwa ule wimbo aliouimba na Lata Mangeshkar kwenye Parasmani ya 1963.

Don niliiona pale Avalon nikiwa kijana, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa ngazini. Hakuna aliyetuambia kwamba aliyeiongoza aliwahi kupita mitaa ile ile tuliyopita sisi kwenda sinema. Nimelijua uzeeni. Barot amefariki Mumbai mwezi Julai 2025, akiwa na miaka 86, na sikusikia redio yetu hata moja ikimtaja. Limeniuma.

#15 Malkia wa Nyuzi

Mzee wa Avalon, shikamoo. Hili sikuwa nalijua kabisa. Yaani Rajini, Shah Rukh, Ajith, Prabhas, wote wamepita mlango uliofunguliwa na mtoto wa Dar?

#16 Kipanga Mweusi

Malkia, tumpe Barot haki yake bila kuzidisha. Hadithi ni ya Salim Khan na Javed Akhtar, wale waandishi wawili wa Sholay na Deewaar. Iliwahi kukataliwa na watu kadhaa kabla ya Nariman Irani kuichukua. Irani alikuwa mpiga picha za sinema, alizama kwenye madeni baada ya filamu aliyoitayarisha ya Zindagi Zindagi kuanguka mwaka 1972. Alipokuwa anapiga picha Roti Kapda Aur Makaan, wenzake wa kazi, Amitabh, Zeenat Aman, Pran na Barot aliyekuwa msaidizi wa Manoj Kumar, wakaamua kumsaidia atengeneze filamu yake alipe madeni. Ilichukua zaidi ya miaka 3. Irani alikufa kwa ajali ya kazini kabla haijatoka, na fedha iliyopatikana ikamsaidia mjane wake.

Don ni mchango wa marafiki. Hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na Billa, ambayo ni biashara ya Balaji tangu mwanzo.

#17 Tandika Moja

Mzee wa Avalon, 1967 ndiyo mwaka wa Azimio la Arusha na benki kutaifishwa mwezi Februari. Mtu wa Barclays anaondoka mwaka huo huo. Hapo hapahitaji mpelelezi. Bila Azimio hakuna Don, bila Don hakuna Billa.

#18 Mzee wa Avalon

Tandika, nyakati zile Wahindi wengi waliondoka kwa sababu nyingi, hofu, ndugu waliotangulia, watoto kutaka kusoma Uingereza. Kazi ya benki ilibadilika, ni kweli. Lakini dada yake alikuwa India anaimba kwenye filamu miaka kadhaa kabla ya Azimio, na kupitia yeye nyumba ile ilikuwa imeshafahamiana na wanamuziki wa Bombay. Kijana mwenye dada wa namna hiyo angeenda tu, benki itaifishwe isitaifishwe. Ndivyo nionavyo.

#19 Bi Tambuu

Wanangu, hamjambo. Miye ni wa Unguja, nimevutwa na huo wimbo wa tambuu. Kwenye Don kuna mahali Vijay amekunywa bangi ya maziwa, katafuna tambuu ya Banaras, mdomo mwekundu, anacheza na watu wa mtaa. Kishore Kumar ndiye kauimba, na nimesoma kuwa haukuwemo kwenye filamu mwanzo. Manoj Kumar aliiangalia akasema nusu ya pili inabana mno, watieni watu pumzi, ukaongezwa. Sasa watu wameisahau nusu ya filamu, wimbo wanao.

Watamili nao wakaufanya wa kwao, na tambuu imo vile vile. Kwa sababu Mtamili na tambuu hawatengani, harusini na kwenye mahekalu yao. Hii si kitu cha Kihindi kilichobebwa kupelekwa kusini. Kilikuweko. Na sisi wa pwani tunaelewa, maana nyumba ya biarusi huku kwetu bila sahani ya tambuu haikukamilika. Ndio maana wimbo ule kule Banaras, kule Madras na hapa Malindi Unguja kila mtu anauona wake.

#20 Coimbatore 2014

Bi Tambuu, umesema jambo kubwa. Kuna filamu zinarudiwa na unaona kabisa nguo si ya mwenyewe. Hii wimbo ulikaa. Kwenye harusi za rafiki zangu mpiga muziki akiuweka wazee wanainuka.

#21 Kipanga Mweusi

Sasa naleta kitu cha kuwavuruga. Mleta uzi anasema Don ni asili na Billa ni nakala. Mwaka 1962 Shakti Samanta aliongoza China Town. Shammi Kapoor anacheza watu wawili: jambazi wa mtaa wa Wachina Calcutta, na kijana mwimbaji anayefanana naye. Jambazi anakamatwa, polisi wanamwingiza yule mwimbaji kwenye genge badala yake. Mwigizaji Helen yumo, na yumo kwenye Don pia.

Na sasa sikilizeni. China Town ilirudiwa kwa Kitamili mwaka 1968, Kudiyirundha Koyil, na aliyeicheza ni M. G. Ramachandran, MGR mwenyewe, ambaye mwaka 1977 alikuja kuwa waziri mkuu wa jimbo. Kitelugu akaifanya N. T. Rama Rao mwaka 1969.

Kwa hiyo Rajini alipokuja na Billa, mtazamaji wa Kitamili wa zaidi ya miaka 20 alikuwa ameshaiona hadithi ya polisi kumtumia mtu anayefanana na jambazi. Nani anamwiga nani hapo?

#22 Mtoto wa Msasani

Kipanga, hii imenifanya nisimame. Ila kuna tofauti ambayo kwangu si ndogo. Kwenye China Town na ile ya MGR, wale wawili ni ndugu waliopotezana utotoni. Ni hadithi ya mama na damu. Jambazi ana nafasi ya kurudi nyumbani. Kwenye Don, Vijay na Don si ndugu, ni sura tu. Salim na Javed walikata ile kamba ya damu, na hapo filamu ikawa baridi zaidi na ya kutisha zaidi, kwa sababu hakuna mama wa kuja mahakamani kusema huyu ni mwanangu. Kilichobaki kumtetea Vijay ni daftari la siri za genge na neno la mtu aliyekufa.

Na Watamili walikubali ubaridi huo. Balaji angeweza kurudisha ndugu mapacha, watu walikuwa wamezoea. Hakufanya.

#23 Kamusi Hai

Nyongeza ya Kipanga. Mwanamke mkuu kwenye ile ya MGR ya 1968 ni Jayalalithaa. Na Jayalalithaa aliwahi kuandika mwaka 1980 kwamba Balaji alimpa yeye kwanza nafasi ya kucheza na Rajini kwenye Billa, akaikataa. Nafasi ikaenda kwa Sripriya. Angekubali, angekuwa amecheza kwenye hadithi hii mara mbili, na MGR kisha na Rajini, kabla ya kuwa waziri mkuu wa jimbo mwenyewe mwaka 1991.

#24 Mvita Halisi

Basi mwanitia nguvu. MGR ndiye aliyewazoesha Watamili steringi wa sehemu mbili, na kufika 1977 MGR kaacha sinema kaenda kwenye siasa. Kiti ki wazi. Sivaji Ganesan alikuwa yuko bado lakini umri umekwenda, na si mtu wa ngumi. Vijana walikuwa wataka mtu wao. Mumpe Rajini sehemu mbili, moja jambazi na moja mtu wa chini, na mumemwambia mtazamaji: huyu ndiye anayefuata.

Na angalieni ajabu ya hapo: si Mtamili. Kwao ni Wamarathi waliokaa Bangalore, jina la kuzaliwa Shivaji Rao Gaekwad. Alipewa njia na muongozaji K. Balachander mwaka 1975. Mleta uzi anasema watu walikataa lugha ya kaskazini. Mbona walimkubali mgeni?

#25 Coimbatore 2014

Kwa sababu alisema nao kwa Kitamili, Mvita. Unathibitisha hoja ya lugha bila kutaka. Damu haikuwasumbua, MGR mwenyewe alizaliwa Sri Lanka kwa wazazi Wakerala.

#26 Tandika Moja

Natoka nje ya mada kidogo. Mimi filamu hizi zote nimezijulia kibanda umiza, zimetafsiriwa. Anayetafsiri anampa kila mtu jina lake, DSP anaitwa afande, JJ, baba wa wale watoto wawili aliyechezwa na Pran, anaitwa mzee kiguu. Mpaka leo nikiangalia Don kwa lugha yake naona kuna sauti imekosekana. Je, nasi tukihesabu ile ni toleo letu la Kiswahili?

#27 Malkia wa Nyuzi

Tandika, kwangu ndiyo. Wale watu hawafasiri neno kwa neno, wanasimulia upya. Wamebadilisha mpaka vichekesho.

#28 Kamusi Hai

Sikubaliani. Hawajapiga picha upya, hawajatafuta waigizaji, hawajalipa haki. Balaji alinunua haki. Tuheshimu kazi ya wasimulizi, lakini tusiichanganye na utengenezaji.

Na kuhusu "mzee kiguu": Pran alichechemea kwenye Don kwa sababu alikuwa ameumia mguu kweli. Wakaandika kilema ndani ya hadithi. Kwenye Billa nafasi ile ni ya Thengai Srinivasan, ambaye watu wa kusini walimjua zaidi kwa vichekesho, ndiyo maana tukio la kuvuka kwa kamba na watoto lina ladha tofauti. Mwangalieni Pran usoni pale juu, ni baba anayeogopa.

#29 Ruwi Kwetu

Mnazungumza kana kwamba maji yanatoka kaskazini tu. Sattam Oru Iruttarai ya Kitamili ya 1981 ilipelekwa Bombay ikawa Andhaa Kaanoon mwaka 1983, na ndiyo filamu ya kwanza ya Rajini ya Kihindi, Amitabh naye yumo. Ghajini ya Kitamili 2005, ya Kihindi 2008, muongozaji yule yule. Singam 2010, Singham 2011. Siku hizi Bombay ndio wanaosubiri kusini watoe wafuate. Wazee hao wawili wenyewe wamekutana tena kwenye Vettaiyan mwaka 2024, filamu ya kwanza ya Amitabh ya Kitamili.

#30 Chapa Kazi

Kwa hiyo Don na Billa wamekaa meza moja. Hiyo nimeipenda.

#31 Kipanga Mweusi

Nirudi kwenye swali la mleta uzi. Mmeegemea sana Tamil Nadu. Don ilirudiwa kwa Kitelugu kabla ya Kitamili, inaitwa Yugandhar, mwaka 1979, N. T. Rama Rao na Jayasudha. Andhra, jimbo la Watelugu, hakukuwa na vita vya Kihindi kama vya 1965. Hyderabad watu wanaongea Kiurdu nyumbani, Don wangeisikia vizuri tu. Bado walitaka ya kwao, tena kwa haraka kuliko Madras. Wakerala nao wakafanya Shobaraj mwaka 1986 na Mohanlal. Kama sababu ni siasa ya lugha, niambieni Hyderabad ilikuwa na shida gani?

#32 Coimbatore 2014

Hyderabad si Andhra yote ya wakati ule. Nenda Guntur, nenda Nellore, Kiurdu hupati kwa wingi. Nilichosema #4 kinabaki, soko la filamu ya mapigano liko nje ya mji mkuu.

#33 Mvita Halisi

Nami nasema ni NTR, huyo Rama Rao. Watu wake walitaka kumuona yeye akicheza Don, si kuona Don. Miaka minne baadaye wakampa jimbo zima, 1983. Billa ni Rajini, Yugandhar ni NTR, Shobaraj ni Mohanlal. Hadithi ni koti, kila steringi alitaka kulivaa.

#34 Kamusi Hai

Na kila koti lina mshonaji anayelipwa. Mmesahau fedha tena.

Jambo moja la muziki kabla sijalala. Yugandhar muziki wake ni wa Ilaiyaraaja. Aliyepiga Billa ya Ajith mwaka 2007, Yuvan Shankar Raja, ni mwanawe. Na Farhan Akhtar aliyeirudia Don mwaka 2006 ni mwana wa Javed aliyeiandika. Watoto wamerudi kwenye kazi ya baba zao kaskazini na kusini, ndani ya mwaka mmoja na miezi miwili.

#35 Bi Tambuu

Kamusi, huyo Ilaiyaraaja kwenye Yugandhar aliupiga vipi wimbo wa tambuu? Miye nnao wa Kishore na wa Billa. Mwenye huo wa Kitelugu aweke hapa, nataka kuvisikia vyote vitatu kwa mfululizo kabla sijamjibu Kipanga, maana nnalo la kumwambia kuhusu Hyderabad.

#36 Konda wa Gongo la Mboto

Bi mkubwa, shikamoo. Nautafuta, nikiupata naupakia.